Kujitolea si Kutolewa

Mjukuu wangu,

Juzi jioni ulikuja hapa Bombambili ukanikuta barazani napukuchua mahindi ya mbegu. Uliniamkia umesimama, na si kawaida yako, nikajua umekuja na neno. Ukanipa karatasi. Nikafuata miwani ndani, nikaisoma mara mbili, nikakuomba uniachie siku tatu. Siku tatu zimekwisha. Jibu nimeliandika, kwa kuwa nikilisema kwa mdomo pumzi itaniishia katikati, nawe utaitikia "sawa, Babu" kabla sijafika kwenye kiini. Tena wenzako wengi hapa Songea wana karatasi kama hiyo kwenye simu zao. Nao wasome.

Karatasi yako inasema walimu vijana wa Afrika wanatakiwa kwenda Thailand kufundisha Kiingereza kwa kujitolea, miezi sita. Malazi na chakula ni bure. Posho mtaizungumza ukishafika. Ada ya usajili ni dola 350, itumwe kwa simu kabla ya mwisho wa mwezi kwa sababu nafasi zinajaa. Nauli ya kwenda ni juu yako. Kuhusu viza, uingie kwa viza ya matembezi, mengine yatashughulikiwa huko huko. Nimetafuta jina la shule, sikuliona. Nimetafuta jina la mtu, sikuliona. Nimetafuta neno "kurudi", nalo halimo.

Mama yako ameniambia kuwa ana magunia ishirini ya mahindi ghalani na yuko tayari kuyauza ili upate nauli. Ndiyo maana sikulala vizuri.

Kwanza nikwambie kwamba sikulaumu. Umesoma, umefaulu, una cheti cha ualimu, na kwa miaka miwili unafundisha shule ya msingi ya jirani bila ajira. Posho yako inatoka kwenye michango ya wazazi. Mwezi mmoja inakuja, mwezi mwingine haiji. Sisi tulipotoka chuoni tulipangiwa vituo, mtu akabeba begi lake akaenda. Ninyi mnaingia kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira, nafasi chache na waombaji tele. Kijana aliyefungiwa mlango wa mbele hugeuka kutazama wa nyuma. Naelewa. Nimefundisha miaka thelathini na saba, na nimewasindikiza vijana wengi hadi stendi. Baadhi walirudi na heshima. Baadhi walirudi kimya. Wapo ambao mama zao bado wananiuliza mimi kama nina habari zao. Kuulizwa swali hilo kunanichosha kuliko uzee wenyewe.

Sasa lisikilize hili neno ambalo mnalitumia kila siku. Kutoa, kutolea, kujitolea. Mtu anatoa, anamtolea mwingine, na anachokitoa ni nafsi yake. Libadili kidogo useme kutolewa, maana yote inageuka: mwingine ndiye mtoaji, na wewe ndiye sadaka. Ili kujitolea kuwe kujitolea kweli, yatakiwa mambo matatu. Uwe na kitu chako cha kutoa. Uwe na mwenyeji unayemjua, naye akujue. Na uwe na hiari, tena si hiari ya siku ya kuondoka peke yake, bali hiari ya kusema "basi, narudi nyumbani", na ukarudi. Likikosekana moja kati ya hayo, mjukuu wangu, hujitolei. Unatolewa.

Nianze na mwenyeji, kwa kuwa Songea ina mengi ya kufundisha juu ya jambo hilo.

Umesikia habari za Litowa, lakini nadhani hukuambiwa zote. Mwanzoni mwa miaka ya sitini vijana wa TANU walianzisha kijiji pale, wakalima pamoja na kugawana pamoja, kabla Azimio la Arusha halijaandikwa. Kiongozi wao alikuwa Ntimbanjayo Millinga. Vijiji vingine vikafuata, kukawa na Ruvuma Development Association, jumuiya ya vijiji vilivyokuwa vikijiendesha vyenyewe. Shule ya Litowa ikawa chini ya Mwalimu Suleman Toroka, na watoto walijifunza darasani na shambani kwa uzito ule ule. Mwalimu Nyerere aliipenda kazi ile. Alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, watu wa huku waliona mambo ambayo walikuwa tayari wanayafanya.

Pale Litowa walifika wageni. Mwingereza Ralph Ibbott alikuja na mkewe Noreen na watoto wao, akaishi kijijini kama mshauri. Hakuja kwa tangazo. Wanakijiji ndio waliomwita, wakajua anakuja kufanya nini, naye akakubali kuishi kwa kiasi chao. Binti wa Kimarekani, Kate Wenner, naye aliishi na kufanya kazi pale, kisha akaandika kitabu, Shamba Letu, kilichotoka mwaka 1970. Hao walikuwa na mwenyeji. Walijua wanalala kwa nani na wanakula kwa nani, na kijiji kilijua kimempokea nani.

Lakini sikiliza mwisho wake. Septemba 24, 1969, chama kiliivunja jumuiya ile. Walioamua walikuwa mbali na Litowa. Mali za jumuiya zikachukuliwa, walimu wakahamishwa, wageni wakaondoka. Ibbott alifanya kila kitu sawasawa, na bado siku moja ilitosha kumaliza kazi ya miaka. Mgeni hata akipendwa vipi hana kura katika mambo ya wenyeji. Siasa ikigeuka, yeye ni wa kwanza kufunga mizigo. Alikuwa na pasipoti mfukoni na nchi ya kurudi. Wanakijiji walibaki na maumivu yao. Kwa hiyo usiende ukidhani wema wako utakulinda. Wema ni jambo la mtu na mtu, na maamuzi hufanywa kwingine.

Kuna jingine zito zaidi. Ukifika ugenini, hawakuhesabu kwanza kwa moyo wako. Wanakuhesabu kwa waliokutangulia. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898. Walileta shule, na hospitali yao inatutibu hadi leo. Vita vya Majimaji vilipowaka mwaka 1905, askofu wao, Cassian Spiss, aliuawa mwezi Agosti karibu na Liwale akiwa safarini kuja huku, na misheni ya Peramiho ikachomwa moto. Aliyekuja na kitabu na aliyekuja na bunduki walikuwa wametoka nchi moja, na vita haviulizi mtu amebeba nini. Kisha Wajerumani wakalipiza. Februari 27, 1906, waliwanyonga wazee wetu, zaidi ya sitini, na kila Februari tunawakumbuka pale Makumbusho ya Majimaji. Miaka 117 ilipita ndipo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipokuja hapa Songea, Novemba 1, 2023, akaomba msamaha. Mtu aliyezaliwa miaka hamsini baada ya kunyongwa kule alibeba mzigo wa watu asiowajua.

Nawe utabeba mzigo usioufunga wewe. Huko Asia zipo shule zinazotaka mwalimu wa Kiingereza awe na sura ya Kizungu, hata kama hajui kushika chaki. China, kwa kawaida, kibali cha kufundisha Kiingereza hutolewa kwa raia wa nchi ambazo Kiingereza ni lugha yao ya mama, na Tanzania haimo. Vijana wetu wanaofundisha huko kwa viza ya masomo au ya matembezi wanafundisha huku wanachungulia mlangoni. Mtu akiwachongea, wanakamatwa na kurudishwa. Mwalimu anayejificha hawezi kumfundisha mtoto kusimama wima.

Na usimsahau mwenyeji mdogo kuliko wote, yaani mwanafunzi. Nikiwa sekondari, mwalimu wetu wa hesabu alikuwa kijana mgeni aliyekuja kwa kujitolea. Alifundisha vizuri, nasema kweli. Alikuwa anakaa nasi jioni hadi taa zizimwe. Alitufikisha katikati ya logarithimu, tukiwa tumeshika vile vitabu vya majedwali na tumeanza kuonja utamu wake, muda wake ukaisha akaondoka. Muhula mzima ukapita bila mwalimu wa hesabu. Tulipoketi kwenye mtihani, sura zile hatukuwa tumefundishwa. Yeye aliondoka na kumbukumbu nzuri za Afrika. Sisi tulibaki na majedwali. Simlaumu, maana alikuwa kijana kama wewe. Ila tangu siku hiyo najua kwamba miezi sita ya mwalimu ni mapito, na kwa mtoto ni mwaka wa shule uliokatwa vipande. Usiende kufundisha mahali usipoweza kumaliza ulichoanza, au kumkabidhi mwenzako daftari la maandalio lililoandikwa hadi mwisho.

Wapo waliokaa. Barbro Johansson alitoka Uswidi mwaka 1946 kuja kufundisha wasichana huko Bukoba. Alijifunza lugha, akawa mbunge, nchi ilipopata uhuru akachukua uraia wetu, akaongoza shule ya wasichana Tabora. Watu walimwita Mama Barbro, na jina la Mama hapa kwetu mtu halinunui. Sikwambii ukahamie Thailand. Nakwambia kwamba waliofaa ni wale waliokubali kwanza kuwa wanafunzi wa wenyeji. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Anayepewa jembe ni yule ambaye mwenye shamba anamtambua.

Sasa tuje kwenye kitu chako. Mjukuu wangu, utawapa nini?

Karatasi inataka Kiingereza. Wewe umesomea kufundisha shule ya msingi, na masomo umeyafundisha kwa Kiswahili. Kiingereza chako ni kizuri cha kusomea na kuombea kazi. Kukifundisha watoto wa Kithai ambao hamna hata neno moja la pamoja ni ufundi mwingine, una mafunzo yake na vyeti vyake. Shule isiyokuuliza vyeti hivyo haikutaki ualimu wako. Jiulize inakutakia nini.

Lakini unacho kitu ambacho dunia imeanza kukitafuta, nacho kimo kinywani mwako tangu utotoni. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mwaka 2019 SADC ilikifanya lugha yake rasmi. Afrika Kusini ilitangaza mwaka 2018 kwamba itakiingiza katika shule zake. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Katika vyuo vikuu vya Marekani kuna wanafunzi wanaojifunza ngeli za majina, na kwa miaka mingi mpango wa Fulbright umewapeleka vijana wetu kusaidia kuwafundisha. Walikaa mwaka mmoja wa masomo, walilipiwa nauli ya kwenda na kurudi, walikuwa na bima na posho iliyojulikana kabla ya safari, na wenyewe walisoma kozi chache hapo chuoni. Viza yao iliwadai warudi nyumbani. Wengine huliona hilo kuwa kamba mguuni. Mimi naliona kuwa mlango uliopakwa rangi ili usipotee.

Hiki ndicho kitu chako. Lakini nacho hakitolewi kibichi. Kujua Kiswahili si kujua kukifundisha kwa asiyekijua. Umewahi kumweleza mgeni kwa nini tunasema mti mrefu, miti mirefu, lakini mtu mrefu, watu warefu? Jaribu leo jioni uone jasho. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, wanatoa mafunzo ya kufundisha Kiswahili kwa wageni, na wana kanzidata ya wataalamu wa Kiswahili; jina lako likiwa mle, anayekutafuta anakupata kupitia ofisi yenye anwani. Hilo ndilo begi la safari. Magunia ya mama yako ni nauli tu, na nauli bila begi humfikisha mtu mahali asipo na kazi napo.

La tatu ni hiari, na hapa nitakueleza jambo ambalo hata baba yako nilimpunguzia.

Mwaka 1993 niliomba likizo bila malipo nikaenda nchi moja ya kusini kufundisha sayansi katika shule ya mtu binafsi. Mshahara wa hapa ulikuwa haufiki tarehe kumi. Nilialikwa kwa barua nzuri: jitolee muhula mmoja kwa posho, kisha tunakuajiri. Siku ya pili mwenye shule aliniomba pasipoti ili anishughulikie kibali. Akaiweka kwenye droo ya mkono wa kushoto ya meza yake, akafunga, ufunguo akaurudisha kwenye pete ya funguo pamoja na wa gari. Nilimshukuru. Nilidhani nimepata mlezi.

Posho ilikuja mara mbili, ikakoma. Kulikuwa na mama muuza mikate karibu na geti, akanikopesha. Alikuwa na daftari, ukurasa wangu ameandika juu "ticha", na chini yake ni vijistari, kila mkate kijistari kimoja, vikifika vinne anavikata kwa cha tano. Kila asubuhi niliviona vinaongezeka, na kila asubuhi niliingia darasani nikafundisha usanisinuru kwa sauti ya mtu mzima. Mwezi wa tano nikashikwa na homa. Zahanati ikataka kitambulisho. Kitambulisho kiko kwenye droo. Mwezi wa saba ikaja habari kwamba mama yangu yuko hoi. Nikaenda ofisini. Mwenye shule akanisikiliza vizuri, akasema nisubiri muhula uishe.

Pasipoti nilirudishiwa mbele ya paroko wa kanisa la jirani, aliyekuja kunisemea. Nikaifungua palepale. Hamkuwa na kibali chochote. Viza yangu ilikuwa imekwisha muda wake miezi mitano nyuma. Kwa hiyo mbele ya sheria mwenye kosa nilikuwa mimi. Mtu aliyenifungia droo alikuwa raia mwema, na mimi niliyefundisha watoto wake bila malipo nilikuwa mhalifu. Faini ya mpakani aliichanga paroko na waumini wake. Dereva wa lori, Mtanzania, alinipakia bila senti hadi Tunduma. Nilifika nyumbani mama ana siku kumi na mbili kaburini. Deni la mikate nililipa mwaka uliofuata, kwa mkono wa dereva yule yule.

Sikukueleza haya ili unionee huruma. Yamekwisha kuwa ya zamani. Nimekueleza ili ujue kwamba mtego wa mwalimu hauna kelele. Hakuna aliyenipiga. Hakuna aliyenitukana. Nilinyang'anywa hiari kwa ustaarabu, kwa ufunguo mdogo, nami nikasema asante.

Siku hizi kuna mitego yenye kelele pia. Tangu mwaka 2022 serikali ya Kenya imekuwa ikiwarudisha raia wake walioahidiwa kazi nzuri Thailand, wakavushwa mpaka hadi Myanmar, wakafungiwa kwenye majengo yenye ulinzi na kulazimishwa kuwatapeli watu mitandaoni. Mapema mwaka 2025 maelfu ya watu wa mataifa mengi walitolewa katika majengo hayo upande wa Myawaddy, na Waafrika Mashariki walikuwamo. Walianza na tangazo, tena walianza na viza ya matembezi. Karatasi yako inataja nchi ile ile na viza ile ile. Sisemi waliokuandikia ni hao. Nasema siwezi kujua, nawe huwezi kujua, na hilo peke yake linatosha kusimamisha safari.

Wapo pia wasichana wa Kiafrika walioahidiwa kazi na mafunzo nchini Urusi, wakajikuta wanaunda droni za vita huko Alabuga, Tatarstan. Na hata mlango ulio halali kabisa una hatari zake. Vijana wetu wa Kitanzania walikwenda Israel kujifunza kilimo kwa vitendo, kwa utaratibu wa wazi, na wawili kati yao waliuawa katika shambulio la Oktoba 7, 2023. Hakuna aliyewadanganya wale. Vita viliwakuta. Nawataja kwa heshima, ili usidhani kwamba mkataba mzuri ni hirizi. Wazee wetu mwaka 1905 waliamini maji yatazuia risasi. Hatuna haja ya kuamini kwamba muhuri utazuia.

Tofauti ya mlango halali ni kwamba jambo likiharibika kuna mtu anayekutafuta. Wale vijana wa Kimarekani wa Peace Corps waliokuja kwetu kujitolea tangu mwaka 1961, wakaondoka 1969, wakarudi 1979, wana nchi inayojua kila mmoja yuko kijiji gani. Korona ilipoingia, Machi 2020, waliitwa wote duniani kwa siku chache, maelfu yao, wakarudishwa kwao. Jiulize wewe: siku mambo yakichafuka, nani ana orodha yenye jina lako? Nani atapiga simu? Nani atalipa ndege? Kama jibu ni mama yako na mahindi yake, basi hujapata mwenyeji, umepata shimo.

Milango ipo, mjukuu wangu. Shirika la Umoja wa Mataifa la kujitolea, UNV, makao yake yako Bonn, linachukua Watanzania, linawapa posho ya kujikimu na bima, na halidai ada ya kuomba nafasi. Ujerumani ina mpango uitwao weltwärts. Ulianza mwaka 2008 kwa kuwaleta vijana wao huku, na tangu 2013 unawapeleka na vijana wa kwetu kule, mwaka mmoja kwenye shule za chekechea na vituo vya watoto, kwa malazi, bima na fedha ya mfukoni. Sikufichi kwamba baridi ni kali, upweke ni mkali zaidi, na fedha ya mfukoni haijengi nyumba Mshangano. Anayekwenda huko kutafuta mtaji atarudi na manung'uniko. Anayekwenda kujifunza kazi atarudi na kazi. Na kama unachotaka hasa ni ajira, iite ajira, uende TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, uulize kama wakala aliyekuandikia ana leseni. Tanzania ina sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tangu mwaka 2008. Ofisa wa TaESA au wa Uhamiaji hatakucheka ukimwonyesha karatasi yako. Atakayekukataza kuwaonyesha ndiye wa kumwogopa.

Kabla ya kukubali mwaliko wowote, upate majibu ya maandishi. Shule inaitwaje, na mwalimu mkuu ni nani? Ongea naye kwa simu ya kuonana sura, akuonyeshe darasa mchana watoto wakiwemo. Mwalimu aliyekuwapo kabla yako yuko wapi? Zungumza naye bila wao kuwepo. Viza ni ya aina gani, na inaruhusu kufundisha? Ukiugua analipa nani, na ukitaka kurudi mwezi wa pili tiketi iko wapi? Pasipoti itakaa kwa nani? Jibu la swali hilo la mwisho ni moja tu: kwako, usiku na mchana. Nakala moja niachie mimi. Atakayekasirika kwa kuulizwa amekujibu.

Ukitazama mashariki kutoka hapa unaiona milima ya Matogoro. Mto Ruvuma unaanzia huko, kijito cha kuruka kwa hatua moja. Ukishakuwa mkubwa unakuwa mpaka wa nchi mbili, unafika hadi bahari ya Hindi. Mto ule haukuanza kwa kuruka hadi baharini. Ulipita Namtumbo, ukapita Tunduru, ukikusanya maji ya kila kijito njiani. Nawe kusanya. Maliza mwaka huu na darasa lako, maana wale watoto wa jirani nao wana mwalimu mmoja tu wa kujitolea, na ni wewe. Jumapili baada ya misa njoo hapa, lete cheti chako na kalamu. Tutaandika pamoja barua kwa BAKITA kuulizia mafunzo, na nauli ya kwenda kuyahudhuria nitaitoa mimi kwenye pensheni yangu. Hiyo nitaitoa kwa hiari, kwa mtu ninayemjua.

Karatasi yako nimeiweka ndani ya Biblia yangu, isipotee wala isitumike. Ujumbe wao ukija tena kwenye simu, usiwajibu.

Na mama yako asiuze mahindi.

Babu yako,
Bombambili, Songea.